Mkongo wa mawasiliano: Nani hufaidika, nani huambulia hasara?

WAKATI matumizi ya intaneti yakizidi kuongezeka duniani, fedha za wawekezaji zimerejea kwa kishindo katika biashara ya mikongo ya mawasiliano. Hata hivyo, historia ya sekta hiyo inaonyesha kuwa ongezeko la watumiaji si lazima limletee faida aliyegharimia mkongo.

Mkongo hupitisha habari kwa njia ya mwanga ndani ya nyuzi za kioo zenye wembamba wa unywele. Sehemu kubwa ya gharama si ya kioo chenyewe, bali ni ya kuchimba mitaro, kupata vibali vya njia na, kwa mikongo ya baharini, kukodi meli maalumu. Gharama hizo hulipwa kabla hata shilingi moja haijaingia.

Mkongo ukishakamilika, mambo hubadilika. Uzi mmoja unaweza kupitisha mwanga wa rangi nyingi kwa wakati mmoja, kila rangi ikibeba mzigo wake. Kwa hiyo uwezo huweza kuongezwa kwa kubadilisha mitambo iliyo kwenye ncha mbili, bila kugusa waya ulio chini ya bahari. Uwezo unapozidi mahitaji, bei hushuka. Kwa mtumiaji hiyo ni neema. Kwa aliyekopa akitegemea bei ya zamani, ni balaa.

Funzo la mwaka 2002

Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni za Marekani na Ulaya zilikopa mabilioni ya dola kutandaza mikongo, zikiamini kuwa wateja wangefuata. Hawakufika kwa kasi iliyotarajiwa. Januari 2002, Global Crossing iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na Julai mwaka huohuo WorldCom ikafuata. Hisa ya Corning, kampuni inayotengeneza nyuzi hizo, ilianguka kutoka zaidi ya dola 100 mwaka 2000 hadi chini ya dola 2 mwaka 2002.

Mikongo yenyewe haikupotea. Kampuni moja ya Singapore ilichukua asilimia 61.5 ya Global Crossing kwa dola milioni 250, na mwaka 2011 Level 3 ikakubali kuinunua kampuni hiyo kwa takriban dola bilioni 3, pamoja na madeni yake. Wenye hisa wa awali waliambulia patupu.

Hali ya Afrika Mashariki

Kabla ya mwaka 2009, Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kuwasiliana na dunia kwa intaneti. Mwaka huo ulianza kazi mkongo wa SEACOM, kisha TEAMS unaounganisha Mombasa na Fujairah, na mwaka 2010 ukaja EASSy. Ushindani uliteremsha bei ya jumla.

Leo changamoto ni nyingine: wateja wakubwa wamegeuka wajenzi. Meta ni miongoni mwa wamiliki wa 2Africa, mkongo wa kilomita 45,000 unaoizunguka Afrika, na Mei 2024 Google ilitangaza Umoja, njia itakayotoka Kenya hadi Afrika Kusini kwa nchi kavu, kisha kuvuka bahari hadi Australia. Anayeuza uwezo kwa jumla hana budi kujiuliza nani atabaki kuwa mteja wake.

Kwa upande mwingine, kukatika kwa mikongo kumeipa thamani njia mbadala. Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika katika Bahari ya Shamu, na Mei mwaka huohuo EASSy na SEACOM ikakatika kwa pamoja kusini mwa ukanda huu, intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na Uganda. Benki na kampuni za simu haziwezi tena kutegemea njia moja.

Aidha, vituo vya data vya akili mnemba vimeongeza mahitaji. Agosti 2024, kampuni ya Lumen ya Marekani ilijihakikishia asilimia 10 ya nyuzi zinazotengenezwa na Corning kwa miaka miwili.

Mambo ya kuchunguza

Anayekusudia kuweka akiba yake katika sekta hii hana budi kuuliza maswali matatu. Je, uwezo wa mkongo umeuzwa kwa mikataba ya muda mrefu kabla ya kuchimba? Je, deni ni la dola ilhali mapato ni ya shilingi? Na je, mkongo ukikatika, mizigo ya wateja itapita wapi?

Kwa mwekezaji mdogo, njia iliyo karibu ni hisa za kampuni za simu, kama vile Safaricom iliyoingia soko la Nairobi mwaka 2008, au Vodacom Tanzania iliyoingia soko la Dar es Salaam mwaka 2017. Hata hivyo, huko mkongo ni sehemu tu ya biashara. Bei ya hisa hutegemea pia huduma za fedha kwa simu, kodi na ushindani. Anayenunua hisa hizo kwa ajili ya mkongo pekee anapaswa kwanza kusoma hesabu za kampuni na kuona mkongo unachangia kiasi gani cha mapato.