Injinia wa Kaunti na Barabara ya Skimu Yako

Kila mvua kubwa zinapoanza, lori la maziwa hukwama pale pale lilipokwama mwaka jana. Maziwa huharibika katika mikebe, na viazi hukaa kando ya njia mpaka dalali afike na bei yake mwenyewe. Ndipo watu huuliza, "Injinia yuko wapi?" Swali hilo ni la haki. Lakini yafaa ujue kwanza Injinia ana mamlaka gani na hana mamlaka gani, usije ukagonga mlango usio wake.

Skimu kubwa za makazi zilipoanza mwaka 1962, mashamba yalipimwa na nafasi ya barabara ikaachwa kati yake. Mwaka 1970 barabara za mashambani ziliondolewa mikononi mwa halmashauri za wilaya, zikachukuliwa na Serikali Kuu. Tangu mwaka 2013, kwa Katiba ya 2010, barabara za kaunti ni kazi ya Serikali za Kaunti. Barabara kubwa za taifa zina mashirika yao. Basi uliza kwanza: barabara hii ni ya nani? Ofisi ya Injinia itakuambia.

Injinia hachagui barabara ya kutengenezwa. Yeye hupima, hukadiria gharama na kutoa shauri. Fedha hugawanywa na Bunge la Kaunti, na mpango wa maendeleo wa kila mwaka hauna budi kufikishwa huko kabla ya tarehe 1 Septemba. Kabla ya hapo wananchi huitwa mikutanoni kutoa maoni. Wenyeji wasiohudhuria wasishangae greda likipita kwa jirani zao.

Sasa tuje kwenye kazi yake hasa. Wengi hudhani ni kumwaga murram. Sivyo. Kazi kubwa ya Injinia wa barabara za udongo ni kuondoa maji. Barabara yenye upana wa mita 5 yatakiwa iinuke katikati, kama sentimita 12 juu ya kingo, ili maji yateremke pande zote mbili hadi mitaroni. Kutoka mtaroni maji lazima yapate njia ya kutokea, ama kwa karavati chini ya barabara, ama kwa mifereji inayochepuka kando. Katika nchi kama Kinangop, ambako udongo hushika maji, barabara isiyo na mitaro haimalizi msimu mmoja.

Na hapa ndipo ugomvi unapozuka. Mfereji unaochepuka humwaga maji upande wa mashamba. Mkulima akiona maji yanaelekea kwenye viazi vyake, huuziba usiku kwa jembe. Hatumlaumu sana, maana udongo wake ndio unaochukuliwa. Lakini maji yaliyozuiwa hurudi barabarani, huikata, na wiki inayofuata lori lake mwenyewe halipiti. Mwite Injinia kabla ya kushika jembe. Anaweza kusogeza mfereji, au kuongeza mwingine ili maji yagawanyike. Wewe nawe panda ukanda wa majani ya ng'ombe pale maji yanapotokea, au chimba bwawa dogo uyatumie wakati wa kiangazi. Tena, mlango wa shamba lako ukivuka mtaro, weka bomba chini yake. Usijaze mtaro udongo. Wala usipande kabeji katika nafasi ya barabara. Haikuwa yako siku ya kupimwa, na si yako leo.

Jambo la pili ni sahihi yake. Mkandarasi hulipwa baada ya Injinia kupima kazi na kutia sahihi hati ya malipo. Hiyo ndiyo nguvu yake kubwa, na ndiyo sababu husukumwa na wengi aitie upesi. Nawe unaweza kumsaidia kwa kuhesabu. Uliza mkataba unasema murram iwe na unene gani. Mara nyingi ni sentimita 15 ikiisha kushindiliwa. Kwa upana wa mita 5, kilomita 1 huhitaji mita za ujazo 750. Murram iliyo ndani ya lori haijashindiliwa, hivyo huchukua nafasi zaidi, kama robo. Basi lori la mita za ujazo 10 lazima lije mara 90 na zaidi. Likija mara 40, iko shida. Tazama pia kama murram inanyunyiziwa maji na kushindiliwa kwa rola. Ikimwagwa kavu na kuachwa, itakuwa vumbi kiangazi na tope masika.

Kazi ikiisha, mkandarasi bado ana muda wa kurekebisha kasoro kwa gharama yake, kwa kawaida miezi 6 au 12. Wakulima wengi hawajui hili, hunyamaza mpaka muda upite.

Ukiona kasoro, mwandikie Bwana Injinia, au Bibi Injinia, kwani siku hizi wanawake nao wamo katika kazi hii. Taja jina la barabara, mahali penyewe, tarehe uliyoona, na idadi ya malori uliyohesabu. Wenzako watie sahihi pamoja nawe. Peleka barua ofisini kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hujaondoka.