Je, Wajua? Krishna alizaliwa gerezani

Wahindu huadhimisha kuzaliwa kwa mungu wao Krishna usiku wa manane, kwani ndiyo saa anayosimuliwa kuzaliwa, tena ndani ya gereza la Mathura, kaskazini mwa India. Mjomba wake, Mfalme Kamsa, alikuwa ametabiriwa kuuawa na mpwa wake, basi akamfunga dada yake Devaki, mamake Krishna, pamoja na mumewe. Sikukuu hiyo, Janmashtami, hufuata mwandamo wa mwezi na huangukia Agosti au Septemba. Waumini wengi hufunga kutwa. Ikitimia saa sita usiku, kisanamu cha mtoto huogeshwa kwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, kikavishwa nguo mpya na kubembezwa katika susu.

Vituko vyenyewe viko Mumbai, kesho yake. Chungu cha mtindi huning'inizwa juu ya barabara, vijana wakapandiana mabegani mpaka wa juu kabisa akivunje, huku wakimwagiwa maji kutoka roshanini. Kisa? Krishna mdogo alikuwa mdokozi wa siagi! Mwaka 2012 kundi moja, kule Thane karibu na Mumbai, lilipanda ngazi 9 za watu, zaidi ya meta 13. Wapo wanaoanguka na kuvunjika mifupa, na tangu 2017 watoto wa chini ya miaka 14 hawaruhusiwi kupanda.