Kufufua Gari la Zamani Nyumbani (3): Dawa Kwanza, Beseni Baadaye

Juma lililopita tuliishia pale injini ya Peugeot 404 ilipokwisha kufunguliwa na vipande vyake kupangwa juu ya turubai, kila kimoja mahali pake kama kilivyotoka. Sasa vyote vimelala pale, vyeusi, grisi na vumbi la barabara za zamani vikiwa vimegandamana hata namba zilizogongwa kwenye chuma hazisomeki. Huwezi kupima kitu usichokiona. Ufa kwenye silinda hedi, mkwaruzo kwenye shafti, tundu lililoziba kwenye kabureta, vyote vinajificha chini ya uchafu huo. Kabla ya kununua hata gasketi moja, ni lazima tuoshe.

Hapa ndipo wengi wetu tunapochukua karai, brashi kuukuu na lita mbili za petroli. Fundi aliyenifundisha kazi hii aliosha hivyo maisha yake yote. Naikumbuka mikono yake ilivyopauka, ngozi imepasuka kwenye viungo vya vidole, na jinsi alivyokuwa akiumwa kichwa kila jioni akidhani ni jua. Petroli ina benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu, nayo hupita kwenye ngozi na kwenye pumzi. Tena mvuke wa petroli huwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa maana hiyo, hakuna siku katika nchi zetu ambayo karai la petroli limepoa kiasi cha kuwa salama. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, unakwenda hadi penye jiko la mkaa la mama anayepika uani. Gereji ya mtaani ina hatari zake, lakini gereji ya nyumbani ina watoto. Kwa hiyo naliweka jambo hili mwanzo kabisa na bila kupunguza makali: petroli si dawa ya kuoshea spea.

Mashine ya kuoshea spea tunayoijua leo ina historia fupi. Mwaka 1954 Mmarekani mmoja wa jimbo la Wisconsin, Ben Palmer, alibuni beseni lililokaa juu ya pipa. Dawa inapandishwa na pampu, inamwagika juu ya spea, inarudi pipani, uchafu unazama chini, na pampu inaendelea kuvuta dawa ya juu iliyo safi zaidi. Nyingi zinazouzwa hadi leo zimejengwa juu ya wazo hilohilo. Katika mashine za mtindo huo kuna kifaa kimoja ninachokipenda kuliko vyote: mfuniko unashikiliwa wazi na kiungo kidogo cha madini laini kinachoyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 74. Moto ukizuka ndani ya beseni, kiungo kinayeyuka, mfuniko unaanguka kwa uzito wake, na moto unakosa hewa. Hakuna umeme unaohitajika wala mtu wa kukimbilia. Ukiona mashine ya dawa inayowaka ambayo mfuniko wake unashikiliwa na fimbo tu, iache hapohapo dukani.

Lakini mnunuzi anakosea anapoanza na mashine. Anaangalia ukubwa, rangi na bei, anaifikisha nyumbani, ndipo anapouliza aijaze nini. Mpangilio sahihi ni kinyume chake. Kwanza jua unaosha madini gani, kisha chagua dawa inayoyafaa, halafu ndipo utafute beseni linaloweza kuibeba dawa hiyo.

Tazama gari letu lenyewe. Hii 404 ni ndugu wa ile ambayo Bert Shankland wa Dar es Salaam alishindia Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967. Bloku yake ni chuma cha kusubu. Silinda hedi ni alumini. Kasha la gia boksi ni alumini pia. Mwili wa kabureta umesubiwa kwa aloi ya zinki, na jeti zake ndogo ni shaba ya manjano. Nyuma kabisa, ndani ya difu, kuna jambo ambalo vijana wengi wa leo hawajapata kuliona: badala ya meno ya kawaida ya chuma kwa chuma, kuna skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Gari moja, madini matano, na kila moja lina adui yake.

Nililijua hilo kwa hasara. Miaka mingi iliyopita nilichemsha maji kwenye nusu pipa, nikatia kostiki soda, nikaanza kuosha vyuma. Vilitoka safi ajabu, grisi ikitoka kama ngozi ya maziwa. Nikajiamini, nikatumbukiza na mfuniko wa nyuma wa gia boksi, nikaenda kula. Niliporudi maji yalikuwa yanatoa povu kama yanachemka, ingawa moto ulishazimika. Niliunyanyua mfuniko kwa waya: ulikuwa mweusi, na pale pa kukalia gasketi, palipokuwa laini kama kioo, pamejaa vishimo kama vya ndui. Povu lile lilikuwa gesi ya haidrojeni. Kostiki soda inaila alumini yenyewe, na gesi inayotoka humo inaweza kulipuka. Mfuniko ule haukutengenezeka. Nilimaliza miezi saba nikitafuta mwingine.

Sababu yake inafaa kueleweka. Alumini inajilinda kwa ngozi nyembamba sana ya oksidi. Ngozi hiyo hutulia maji yakiwa na pH kati ya takriban 4 na 8.5. Ukipita hapo, kwenda kwenye asidi kali au kwenye magadi makali, ngozi inayeyuka na madini yanabaki uchi. Zinki ya kabureta ina udhaifu wa namna hiyohiyo. Shaba nayo haipatani na amonia, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za kung'arishia. Dawa nzuri za maji zinazotengenezwa kwa ajili ya injini huwa na magadi kiasi, pamoja na kiambato cha kuilinda alumini. Kwa hiyo soma kopo. Lisipotaja kabisa kuwa ni salama kwa alumini, hesabu kuwa si salama.

Sasa tuangalie dawa zenyewe. Upande mmoja kuna za jamii ya mafuta: mafuta ya taa, dizeli, na ile inayouzwa kwenye maduka ya rangi kwa jina la tapentaini. Zinayeyusha grisi zikiwa baridi, hazileti kutu, hazidhuru madini yoyote niliyoyataja. Ndiyo maana mafundi wanazipenda, nami siwalaumu. Tatizo ni moto na pumzi. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke wa kutosha kuwaka yanapofikia takriban nyuzi 38, na banda la mabati la Dar es Salaam mchana wa Februari linazikaribia nyuzi hizo. Dizeli inavumilia joto zaidi, lakini inaacha utando wa mafuta ambao lazima uuondoe tena kwa sabuni. Kama banda lako limesimama mbali na nyumba na lina pande mbili wazi, dawa hizi zinaweza kutumika, zikiwa ndani ya mashine yenye ule mfuniko wa kujifunga. Kama gereji yako imeshikana na chumba cha kulala, usizitumie.

Ipo jamii nyingine ninayotaka kuitaja kwa onyo tu. Baadhi ya makopo ya kusafishia breki yana dawa za klorini, ambazo haziwaki na kwa hiyo watu huziona salama. Chuma kilichooshwa nazo kisipokauka vizuri, kikaenda kuchomelewa, joto la kuchomelea linaweza kuigeuza dawa hiyo kuwa fosjini, gesi iliyotumika kuulia watu katika Vita Kuu ya Kwanza.

Upande wa pili kuna dawa za maji, na kwa gereji ya nyumbani mimi nasimama upande huu. Haziwaki, hazilevyi kichwa. Zinachodai ni joto, kwa sababu dawa ya maji ikiwa baridi inafanya kazi nusu nusu, lakini ikifika nyuzi 50 hadi 60 grisi inaachia. Basi mashine utakayoitafuta ni ile yenye hita na kidhibiti joto, au beseni linaloweza kuongezewa hita. Hesabu ya umeme si ya kutisha. Kupasha lita 60 kutoka nyuzi 25 hadi 55 kunakula zaidi kidogo ya uniti mbili za LUKU, na hita ya kilowati moja na nusu itachukua kama saa moja na nusu. Washa asubuhi, kunywa chai, panga kazi ya siku nzima ili joto hilo lisipotee kwa kuosha boliti tatu.

Soma pia kibao cha umeme kabla ya kulipa. Mashine nyingi za mtumba kutoka Marekani ni za volti 120 na mawimbi 60, wakati sisi tunatumia 230 na 50. Transfoma itashusha volti lakini haitabadilisha mawimbi, na pampu iliyotengenezwa kwa 60 ikiendeshwa kwa 50 inazunguka taratibu na kupata moto. Waya wa ethi uwe umefungwa kweli, na sakiti breka ya kukata umeme unapovuja iwepo, kwa maana hapa maji, chuma na mikono vinakutana. Na kama maelezo yanasema pampu ni ya dawa za maji tu, usimimine humo mafuta ya taa hata mara moja. Mipira yake inavimba, na mota yake haikukingwa na cheche.

Ukubwa hauhitaji maneno mengi. Pima silinda hedi na kasha la gia boksi, kutoka pembe hadi pembe, ongeza nafasi ya mkono na brashi, basi. Bloku usiifikirie, hiyo inaoshewa chini. Hakikisha tu miguu ni imara, kwani lita 60 za maji ni kilo 60 kabla hujaweka chuma chochote.

Fundi mzuri wa kuchomelea wa Gerezani au Kamukunji anaweza kukutengenezea beseni kama lile la Palmer: pipa, sinki juu yake, pampu, na sahani yenye matundu juu kidogo ya kitako ili tope litulie chini bila kuvutwa. Jambo moja tu usilifanye haraka. Pipa lililowahi kubeba mafuta halikatwi kwa moto likiwa tupu. Mvuke uliobaki ndani umeua mafundi. Lioshwe, kisha lijazwe maji hadi karibu na pale pa kukatia.

Kabureta inataka kitu kingine. Njia zake za ndani ni nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, na hakuna brashi inayofika. Hapa ndipo mashine ndogo ya mawimbi ya sauti inapostahili fedha yake. Inatikisa maji mara 40,000 kwa sekunde, vipovu vidogo vinazaliwa na kupasuka ndani ya kila tundu, na kila kimoja kinabandua chembe ya uchafu. Ya lita sita inatosha. Kuijua kama ni nzima, chukua kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni, kining'inize katikati ya maji mashine ikiwaka, hesabu dakika moja. Kikitoka kimetobolewa vitundu vidogo kila mahali, nunua. Kikitoka kizima, muuzaji anakuuzia beseni la maji moto. Spea ikae kwenye kikapu, isiguse kitako, na kabureta ya zinki isizidi dakika kumi au kumi na tano kwa awamu.

Baada ya kuosha, suuza. Hapo kuna jambo la pwani ambalo vitabu vya Ulaya havilisemi: maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, na chumvi ikikauka juu ya silinda, kesho asubuhi utakuta rangi ya chungwa. Mimi nakinga maji ya mvua kwa ajili ya suuzo la mwisho. Kisha puliza kwa kompresa na paka oili nyepesi papo hapo, kabla ya kunyanyua kipande cha pili. Beringi ipulizwe huku umeishikilia isizunguke. Ikizunguka kavu kwa upepo inajikwaruza, na inaweza hata kupasuka mkononi.

Maji machafu yaache usiku mzima yatulie. Mafuta yataelea, yaengue. Tope lililozama litie kwenye dumu lenye mfuniko na maandishi, usilimwage kwenye karo wala mchangani. Gari hili lilitembea miaka yake mingi enzi za petroli yenye risasi, ambayo huku kwetu ilikoma kuuzwa mwanzoni mwa 2006, na masizi yaliyo kwenye silinda hedi bado yana risasi hiyo. Ndiyo sababu hatukuyakwangua makavu juma lililopita, na ndiyo sababu viatu vya breki vya zamani, ambavyo huenda vina asbesto, havipulizwi kwa upepo bali vinaloweshwa kwanza. Dumu likijaa, wapelekee wanaokusanya oili chafu kwa kibali, uwaambie lina nini ndani.

Juma lijalo tutachukua silinda hedi ikiwa safi, rula iliyonyooka na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, tuone kama imepinda.