KITABU NA INTANETI: TUAMINI KIPI?

Katika mji wetu wa Bunia vijana wa shule hubishana mara nyingi juu ya jambo moja. Wengine husema: "Vitabu vimekwisha kazi yake; habari zote zimo katika simu." Wengine, na hasa walimu wazee, hujibu: "Simu yadanganya, ukweli umo vitabuni." Yafaa tuyapime maneno ya pande zote mbili, maana jambo hili si la mabishano ya darasani tu. Katika nchi iliyoonja vita na maradhi kama yetu, habari ya uongo yaweza kumwua mtu.

SIFA YA KITABU

Sifa kubwa ya kitabu ni hii: kina mwenyewe. Fungua kurasa za kwanza. Utaona jina la mwandishi, jina la aliyekitoa, mahali kilipopigwa chapa na mwaka. Likionekana kosa, twajua wa kumwuliza. Tena kitabu kizuri, kabla ya kupigwa chapa, husomwa na watu wengine wenye kuijua kazi hiyo, wakasahihisha palipokosewa.

Kadhalika kitabu hakihitaji umeme wala mega. Uchaguzi wa taifa ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake serikali ilikata intaneti katika nchi nzima, isirudi kwa muda wa siku 20 hivi. Wakati ule ule ugonjwa wa Ebola ulikuwa ukiua watu katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Aliyezoea kutafuta kila kitu katika simu alibaki mikono mitupu. Mwenye kitabu kabatini aliendelea kusoma.

UPUNGUFU WA KITABU

Lakini tusikisifu kitabu kupita kiasi. Kikiisha kupigwa chapa hakibadiliki, na dunia haikingoji. Twaeni kitabu cha jiografia cha mwaka 1980. Kitasema kwamba nchi yetu ni Zaire, na ya kuwa ziwa tunalopata samaki kule Kasenyi laitwa Ziwa Mobutu Sese Seko. Jina la Zaire liliondoka mwaka 1997, na ziwa lile twaliita Albert. Kitabu cha mwaka 2010 kitasema kwamba Bunia imo katika Jimbo la Mashariki. Kumbe tangu mwaka 2015 Ituri ni jimbo peke yake, na Bunia ndio mji wake mkuu. Waandishi wale hawakusema uongo, wakati umewapita. Hata hivyo mwanafunzi atakayejibu hivyo leo katika mtihani atapata sifuri.

Vilevile kitabu cha uganga cha mwaka 2010 kitakuambia kwamba Ebola haina chanjo. Lakini chanjo ilianza kutumika upande wetu mwezi wa Agosti 2018, na katika mlipuko ule walichanjwa watu zaidi ya 300,000. Hapo mwenye kushika kitabu cha zamani tu angekosa habari ya kuokoa maisha.

FAIDA YA INTANETI

Intaneti humletea maskini maktaba asiyoweza kuinunua. Vitabu kwetu ni vichache, na bei yake ni kubwa. Tazameni mfano mmoja unaotuhusu sisi wenyewe. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoko The Hague katika Uholanzi, ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha askari watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia katika vita vya Ituri vya miaka ya 2002 na 2003. Hukumu ile ina kurasa zaidi ya 500. Nani kati yetu angeweza kuipata kama ingekuwa imefungiwa katika maktaba ya Ulaya? Leo yeyote mwenye simu aweza kuisoma bure katika ukurasa wa mahakama yenyewe. Vijana waliozaliwa baada ya vita hawalazimiki kutegemea masimulizi ya upande mmoja tu.

Wala tusidhani kwamba kila kilicho katika intaneti ni takataka. Mwaka 2005 gazeti la elimu liitwalo Nature liliwapa mabingwa makala 42 za sayansi wazikague, kutoka Wikipedia, inayoandikwa na watu wengi katika intaneti, na kutoka Encyclopædia Britannica, kamusi kuu ya elimu iliyoanza mwaka 1768. Katika kila makala walikuta makosa yapata 4 upande wa Wikipedia, na yapata 3 upande wa Britannica. Basi hata kitabu cha heshima kubwa kina makosa yake. Na mwaka 2012 Britannica yenyewe ilitangaza kwamba haitapigwa chapa tena, bali itasomwa kwa intaneti.

HATARI YAKE

Wazee husema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Siku hizi simu imeirefusha. Wakati wa Ebola walitokea watu waliotangaza kwamba ugonjwa ni uzushi wa kutafutia fedha, na chanjo ni sumu. Maneno hayo yalipita midomoni na sokoni, lakini katika simu yalikimbia upesi kuliko mganga mwenye pikipiki. Wagonjwa wengine walifichwa nyumbani, na vituo vya matibabu vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kamerun aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi huko Butembo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wameugua watu 3,470, na kati yao walikufa 2,287.

Kadhalika picha ya maiti wa miaka iliyopita, au wa nchi nyingine, yaweza kutumwa kama habari ya leo asubuhi. Mmoja ataiona akimbilie porini na watoto wake usiku. Mwingine atashika panga kumwendea jirani asiye na kosa. Na aliyeituma hajulikani.

YATUPASA KUFANYA NINI?

Tusichague kimoja na kukitupa kingine. Tuipeleke desturi ya kitabu katika simu. Kila habari tuiulize maswali manne:

1. Nani amesema? Habari isiyo na mwenyewe ni kama barua isiyo na sahihi.
2. Lini? Swali hili lakihusu na kitabu pia.
3. Amejuaje? Aliona kwa macho, au amesikia tu?
4. Nani mwingine asemaye hivyo, asiyenakili kwake?

Habari ikishindwa kujibu, isitoke katika simu yako. Kuituma mbele ni kuitia sahihi yako.

Wazazi na walimu, wafundisheni watoto maswali haya kwa kitabu kwanza, maana kitabuni majibu huonekana wazi. Kisha waonyesheni kuyatafuta katika simu. Wako watu wenye kusema, "Lisemwalo lipo." Katika Ituri tumekwisha zika watu wengi kwa ajili ya mambo yaliyosemwa, nayo hayakuwapo.