Vitenzi vya Maneno Mawili vya Kiingereza kwa Wajifunzaji wa Kilosa na Mikumi

Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza wilayani Kilosa huenda akawa na Kikaguru, Kisagara au Kividunda nyumbani, Kiswahili alichosomea shule ya msingi, na sasa Kiingereza katika karibu masomo yote. Msamiati wa kawaida haumsumbui kama vinavyomsumbua vitenzi vya maneno mawili. Akisoma katika kitabu cha kemia kwamba gesi 'is given off', anajua 'give' ni 'pa', nalo 'off' amelizoea kwenye swichi ya taa. Lakini maana ya 'hutolewa' haipatikani kwa kujumlisha viwili hivyo. Anayekwama hapo hakukosa Kiingereza tu, amekosa kemia.

Desturi iliyoenea ni kukaririsha orodha. Kasoro yake ni kuvifanya vitenzi hivi vionekane kituko cha Kiingereza, ilhali Kiswahili hufanya kazi iyo hiyo kwa vinyambulishi. Kutokana na 'enda' tuna 'endelea', kama vile 'go' inavyozaa 'go on'. 'Shika' na 'shikilia' zinakaribiana na 'hold' na 'hold on'. 'Pitia', kwa maana ya kupitia daftari, ni 'go through' hasa. Na 'onea' je? Anayelalamika kwamba anaonewa hazungumzii macho hata kidogo. Mwanafunzi aliyekwisha kulitambua hilo katika lugha yake hashangai tena kwamba 'give up' haihusiani na kutoa wala na juu. (Kwa 'give up' Kiswahili kina nahau, 'kata tamaa'.) Ulinganisho huu, hata hivyo, usivutwe kupita kiasi: 'look for' ni 'tafuta', mzizi usiohusiana na 'tazama'.

Kirusi nacho huuweka mzigo huo mwanzoni mwa kitenzi. Watanzania waliosoma katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu, kilichoanzishwa Moscow mwaka 1960, walikutana na 'vyiti' (toka), 'voyti' (ingia) na 'pereyti' (vuka), zote za mzizi mmoja wa kwenda. Kirusi hutanguliza, Kiswahili hufuatisha. Kiingereza hukitenga kiungo hicho kikasimama peke yake. Ndiyo maana Mrusi na Mkaguru hukutana na tatizo moja: kiungo walichozoea kukiona kimeshikamana na kitenzi sasa kinahama. Husemwa 'turn it off', si 'turn off it'. Lakini 'look after it' haigawanyiki. Kwa Mswahili, aliyezoea kupachika yambwa ndani ya kitenzi ('izime'), suala hili lahitaji mazoezi mengi kuliko maana zenyewe.

Mikumi, ambako barabara kuu ya Dar es Salaam na Iringa hukatiza hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, haja ni ya namna nyingine. Mwongoza watalii anayejifunza 'look out' kwa tafsiri ya neno kwa neno atadhani anaambiwa atazame nje, kumbe anaonywa ajihadhari. Hapo hali yenyewe hufundisha kuliko ubao. Vivyo hivyo kwa usafiri: mtalii huambiwa 'get in' kwenye gari, lakini abiria wa stesheni ya Kilosa huambiwa 'get on' kwenye treni, kushuka ni 'get out' huko na 'get off' huku. Kiswahili kimetosheka na 'panda' na 'shuka' kwa vyombo vyote viwili.