Wembe wa zamani: sumaku haitakusaidia

KIGALI. Katika saluni nyingi za Nyamirambo wembe wa kukunja bado upo, ila kinachonyoa ni kipande cha wembe wa kutupa kilichochomekwa kwenye mpini. Ule wembe mzima, wa kunolewa kwa mkanda wa ngozi, sasa ni mali ya wakusanyaji wa vitu vya kale, na hapo ndipo mfanyabiashara anapopata faida au kula hasara.

Nyingi zilifuliwa Sheffield, Uingereza, na Solingen, Ujerumani, kwa feleji yenye kaboni ya asilimia 1 au zaidi kidogo. Kaboni hiyo ndiyo huupa ukingo ugumu feleji ikichomwa kisha ikapozwa ghafla. Kwa kuwa feleji hiyo kwa kawaida haina kromiamu, ukiulaza wembe na maji unaamka na kutu.

Wembe wa kutupa una kromiamu ipatayo asilimia 13. Wengi hupima kwa sumaku, lakini zote mbili hunasa! Afadhali tone la limau kwenye shina, mbali na ukingo: dakika chache tu feleji ya zamani inapata doa la kijivu. Omba ruhusa ya muuzaji kwanza, doa hilo halitoki kirahisi.

Muhuri nao unadanganya. "Silver Steel", yaani feleji ya fedha, ni jina lililovuma baada ya Michael Faraday na fundi visu James Stodart kujaribu mchanganyiko huo mwanzoni mwa miaka ya 1820. Kwenye nyembe nyingi fedha ni ya jina tu. Nyingine zilitiwa wolframi, madini ambayo leo yanachimbwa Nyakabingo, wilayani Rulindo, kaskazini mwa Kigali.

Wala ujuzi wa feleji haukuja na meli. Ng'ambo ya Mto Akagera, wazee wa Kihaya waliwaonyesha watafiti Peter Schmidt na Donald Avery tanuri la mababu. Mwaka 1978 wawili hao waliandika kuwa chuma chenye kaboni kilitengenezwa huko yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, kaboni nyingine ikitoka kwenye majani ya bwawani yaliyochomwa chini ya tanuri.

Tahadhari ya mpakani: cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya, cha mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa za Afrika Mashariki. Wembe wa Solingen, hata ukiununua Kampala, ukifika Gatuna asili yake ni Ujerumani.