Mshindani Anayekuletea Wateja

Je, waujua mchezo usio na kombe wala kipenga, ambao watu hukaa kitako kuucheza saa tatu au nne na hakuna anayemfunga mwenzake? Unaitwa Dungeons & Dragons. Uliasisiwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, na mwaka wa 1974 ukachapishwa na kampuni changa iliyoitwa TSR. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu.

Wachezaji huizunguka meza. Mmoja huwa msimulizi. Yeye ndiye husema pango liko vipi na zimwi limetokea wapi. Wengine kila mtu hujitwalia mhusika wake, shujaa au mchawi, na kueleza atakalofanya. Ukitaka kuruka shimo si kusema tu "nimeruka"! Hutupwa dadu, nyingine zina nyuso 20, nayo ndiyo huamua kama umevuka au umetumbukia. Yaani ni hadithi za bibi zilizotiwa kanuni.

Sasa tuje kwenye biashara, maana hapo ndipo penye uhondo. Mchezo huu hauchezwi peke yako. Mnunuzi hajiulizi tu kama kitabu ni kizuri. Hujiuliza, je, nitacheza na nani? Kwa hivyo mchezo unaojulikana na wengi hujiuza wenyewe, na mzuri usiojulikana hukaa rafuni ukila vumbi. Wapinzani walikuja, Traveller mwaka wa 1977, Call of Cthulhu mwaka wa 1981, lakini kiti cha mbele kikabaki kwa yule mzee wao.

Aliyeiumiza TSR ni TSR yenyewe. Katika miaka ya 1990 ilitoa ulimwengu wa kubuni mmoja juu ya mwingine, na kila mmoja ukanyang'anya mwenzake wateja. Madeni yakazidi. Mwaka wa 1997 ikanunuliwa na Wizards of the Coast, kampuni iliyotajirika kwa mchezo wa karata, nayo ikanunuliwa na Hasbro mwaka wa 1999.

Mwaka wa 2000 Wizards walifanya jambo la ajabu. Walitoa leseni iliyomruhusu yeyote kuzitumia kanuni zao za msingi katika vitabu vyake na kuviuza, bila kuwalipa hata senti. Mtu angedhani wamerogwa. La hasha! Ryan Dancey, aliyeibuni mbinu hiyo, alijua kwamba kila kitabu cha mshindani kitamfunza mtu kanuni zile zile, na mtu huyo atarudi kununua kitabu kikuu.

Mwaka wa 2008 likaja toleo jipya lenye leseni kali zaidi. Basi kampuni ya Paizo ikachukua kanuni za zamani, zilizokuwa bado wazi, ikatengeneza Pathfinder mwaka wa 2009, na kwa miaka kadhaa ikamkaba koo mwenye mchezo.

Ungedhani wangekuwa wamejifunza. Januari 2023 ilivuja rasimu ya leseni nyingine: mchapishaji mwenye mapato ya zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka angetozwa hadi asilimia 25 ya kilichozidi hapo. Wachapishaji wadogo waliotegemea ile ya kwanza kwa riziki yao wakaona chakula kikitolewa mezani. Wachezaji nao wakachachamaa, wengi wakakatiza malipo yao ya kila mwezi. Paizo ikasema imeuza katika wiki mbili akiba ya vitabu iliyotarajia itoshe miezi minane! Kufikia tarehe 27 mwezi huo huo, Wizards wakasalimu amri na kuziweka kanuni za msingi chini ya leseni huria ya Creative Commons, ambayo haiwezi kuondolewa.

Baadaye mwaka huo kampuni ikazitoa kanuni hizo kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili hakimo. Atakayezitafsiri haombi ruhusa ya mtu, na anaweza hata kuuza kazi yake. Anachodaiwa ni kutaja tu zilikotoka.